Baraza la Ijumaa: Sinema Ipi Mwisho wa Wiki Huu?

Katika nyumba nyingi za miji yetu, tangu Unguja na Mombasa hadi Dar es Salaam na Nairobi, inapowadia Ijumaa jioni, kazi za juma zikiisha kuwekwa chini na jua likiwa limekwisha legea, hukaa baraza lisilo na mwenyekiti wala katibu, ambalo lina hoja moja tu ya kujadili, nayo ni nzito: sinema ipi itazamwe Jumamosi, ipi ingoje Jumapili, nani atafuatana na nani, na nani, hasa, atakayelipa. Nimehudhuria mabaraza ya namna hii tangu nilipokuwa mtoto asiye na kura, na hata leo sijapata kuona mashauri yanayoendeshwa kwa ufasaha, kwa shauku na kwa uhuru wa maoni kuyapita haya.

Kijana wa nyumba huja na hoja zilizokwisha pangwa, kwa kuwa trela za filamu zote mpya ameziangalia juma zima, na mojawapo ameiangalia mara nyingi hata ameihifadhi kwa moyo pamoja na ngurumo zake. Dada yake husimama imara upande wa filamu ya Kihindi, maadamu ina nyimbo, na akiulizwa kisa chake ni kipi hujibu kwamba kisa kitajulikana huko huko. Mjomba, ambaye hana ubaguzi wa lugha wala wa nchi, hukubali filamu yoyote ile kwa sharti moja tu, kwamba steringi asife, kwani yeye huona kuwa mtu aliyelipa kiingilio ana haki ya kumwona steringi akirudi nyumbani mzima. Shangazi huitakidi kwamba filamu isiyomliza mtu haikutimiza wajibu wake, na huuliza mapema ili ajue achukue leso moja au mbili. Bibi huwasikiliza wote kwa utulivu, kisha huuliza swali ambalo hakuna trela iliyopata kulijibu: je, mna yakini kwamba humo ndani hamna mambo ya kututazamisha chini sisi wazee mbele ya wajukuu?

Wapo wanaoyaona mabishano haya kuwa ni upotevu wa wakati, na ambao wangependa kila mtu achukue simu yake, aingie chumbani mwake, na atazame alitakalo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Naamini kwa dhati kwamba filamu huanza kutazamwa hapo barazani, siku moja kabla ya taa kuzimwa, pale mtu anapolazimika kueleza mbele ya jamaa zake kwa nini anakitaka kisa hiki na hakitaki kile, na kwamba mwenye kwenda kutazama baada ya kubishana huitazama filamu kwa macho mawili zaidi ya aliyekwenda kimya kimya, maana anayo hoja ya kuithibitisha au ya kuikanusha atakapotoka.

Kwamba baraza hili hukaa Ijumaa si jambo la sadfa. Marekani, Uingereza na India filamu mpya aghalabu hutolewa Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mfanyakazi anaziona siku mbili za mapumziko mbele yake. Ufaransa hutolewa Jumatano. Na katika nchi nyingi za Ghuba, ambako Ijumaa ndiyo mapumziko yenyewe, hutolewa Alhamisi, hata jamaa zetu walioko Maskati huweza kuwa wameshaiona filamu, na kutupigia simu kutuhadithia, kabla sisi hatujaafikiana hata saa ya kuondoka. Desturi ya kuishusha filamu kila mahali kwa siku moja ilipata nguvu tarehe 20 Juni 1975, nayo ilikuwa Ijumaa, pale filamu ya Steven Spielberg ya papa mla watu, Jaws, ilipofunguliwa kwa pamoja katika majumba zaidi ya 400 ya Marekani baada ya kutangazwa kwa televisheni usiku baada ya usiku. Kabla ya hapo filamu nyingi zilianzia katika majumba machache ya miji mikubwa, zikaenea polepole kwa kufuata sifa walizozisema waliokwisha ziona. Baada ya hapo ukaja mtindo wa kuhesabu mapato ya siku tatu za mwanzo, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kuyafanya hayo kuwa hukumu ya filamu. Msomaji alishike jambo hili, maana linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani, na nitalirejea.

Kwetu pwani siku ya sinema ilikuwa Jumapili. Unguja, jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa Balozi Mkazi wa serikali yake visiwani humo, lilifunguliwa mwaka 1921, likaungua katika miaka ya 1950, likajengwa upya kwa jina la Majestic. Na pamoja na Empire na Sultana yakawa ndiyo majumba ambayo mji mzima ulikutana humo. Filamu ya Kihindi ya Jumapili haikuwa ya Wahindi peke yao: Waswahili, Waarabu, Wangazija na Wahindi walipanga foleni moja, wakiwa wameoga, wamejifukiza, wamevaa nguo zilizopigwa pasi tangu asubuhi, na wanawake waliokuwa hawapendi kuchanganyika na wanaume walikuwa na maonyesho yao ya peke yao. Walanguzi wa tiketi nao walikuwepo, wakizinunua mapema kwa fungu na kuziuza mlangoni kwa bei iliyokuwa ikipanda kadiri kengele ilivyokaribia kulia, na baba mwenye watoto wanne alijifunza hesabu za kuzidisha hapo hapo mlangoni, chini ya macho ya watoto hao.

Nakala za filamu zilikuwa chache. Filamu ya saa tatu, ikiwa katika mkanda wa milimita 35, ina urefu wa karibu kilomita 5, na mkanda huo uligawanywa katika magurudumu na kutiwa makashani, ukasafiri bandari hata bandari na mji hata mji, hata ukafika kwa mtu wa bara ukiwa na mikwaruzo ya safari yote. Kwa hiyo kungoja kulikuwa ni sehemu ya sinema. Habari za Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilitangulia kufika kabla yake, na nyimbo zake zilikaa muda mrefu baada ya makasha kuondoka, kama zilivyofanya zile za Mother India ya mwaka 1957. Na si siri kwamba lahani nyingi za filamu za Kihindi ziliingia katika taarabu yetu zikavikwa maneno ya Kiswahili, jambo ambalo marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alilifanya kwa ustadi uliompatia mapenzi ya watu wa mwambao wote. Mtu alikwenda sinema Jumapili, na Alhamisi akaisikia lahani ile ile arusini, nayo ikiwa na mashairi ya kumsema jirani.

Filamu bora kuliko zote ziliwekewa Idi, na ilikuwa ni haki. Mwezi mzima wa Ramadhani vijana walipita mbele ya picha zilizobandikwa ukutani wakihesabu siku, na fedha za Idi walizopewa na wazee zilikuwa na njia yake inayojulikana, kutoka mkononi mwa babu hadi dirisha la tiketi bila ya kupumzika mahali. Desturi hiyo haikufa. Huko India yenyewe filamu za Salman Khan, kama Dabangg ya mwaka 2010 na Bajrangi Bhaijaan ya mwaka 2015, zilitolewa kwa ajili ya Idi, na mpaka leo ukikaribia mwandamo wa mwezi utawasikia wapenzi wake wakiulizana mambo mawili kwa mfuatano huo huo: mwezi umeonekana, na filamu itaanza saa ngapi?

Sasa nifike penye jambo linalozusha kelele nyingi kuliko yote barazani, nalo ni urefu. Vijana wa leo, wakiambiwa kwamba filamu fulani ina saa tatu, hushika vichwa, na huwatazama bibi zao kwa huruma wakidhani kwamba wazee hawataweza kustahimili. Huruma hiyo imeelekezwa sipo. Bibi hao waliitazama Awara, ambayo inazidi saa tatu. Wakaitazama Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, yenye dakika 197. Wakaitazama Sholay ya mwaka 1975, nayo ni ya zaidi ya saa tatu. Na wengine waliitazama mara mbili katika juma moja, huku wamepakata watoto wachanga, kwenye viti vya mbao. Lau mtu angewaambia kwamba filamu imekwisha kwa dakika 90 wangemwita meneja na kudai kurudishiwa nusu ya kiingilio.

Siri ya ustahimilivu wao haikuwa subira peke yake, bali mapumziko ya katikati. Mtungaji wa filamu ya Kihindi anajua tangu siku ya kwanza ya kuandika kwamba kisa chake kitakatwa mara moja, na hukipanga ili kikatwe mahali penye uchungu: ndugu wawili wamekutana bila ya kujuana, au adui amekwisha shika ufunguo wa mlango, au mama amesikia jina ambalo hakulisikia kwa miaka ishirini, hapo hapo taa huwashwa. Katika dakika hizo chache kulifanyika mambo yenye maana kubwa. Karanga, sambusa, bisi na soda zilinunuliwa. Watoto walipelekwa msalani. Jamaa waliokuwa hawajaonana tangu Idi iliyopita waliulizana hali. Na zaidi ya yote, jumba zima, watu mamia kadhaa, lilijigawa makundi makundi likatabiri nusu ya pili. Wapo walioheshimika mitaani mwao kwa utabiri huo tu, watu ambao walipofungua kinywa wakati wa mapumziko hata muuza karanga alisimama kusikiliza.

Ndiyo maana naliona kuwa ni kosa kubwa la watengenezaji wa Marekani kufanya filamu ndefu na kuwanyima watu mapumziko. Mwaka 2023 Martin Scorsese alitoa Killers of the Flower Moon, filamu ya dakika 206 kuhusu mauaji ya Wahindi Wekundu wa kabila la Osage waliokuwa na visima vya mafuta katika jimbo la Oklahoma. Ni kazi adhimu, na kila mtu angepaswa kuiona, lakini haina mapumziko, na baadhi ya majumba yaliyothubutu kuyaweka yenyewe kwa kuwaonea watazamaji huruma yaliamriwa kuyaondoa. Mwaka uliofuata Brady Corbet alifanya kinyume: The Brutalist yake, yenye dakika 215, ina mapumziko ya dakika 15 yaliyotiwa ndani ya filamu yenyewe, saa ikihesabu kwa kurudi nyuma mbele ya watazamaji ili mtu aliyeko kwenye foleni ya chai asipitwe. Nilipolijua jambo hili nilifurahi kwa furaha ya kweli, maana lilikuwa ni kukiri, kutoka upande wa pili wa dunia, kwamba watu wa Darajani na wa Kariakoo walikuwa na haki tangu zamani.

Na kama kuna anayetilia shaka kwamba watu bado wako tayari kuutoa wakati wao kwa furaha, na aikumbuke Ijumaa ya tarehe 21 Julai 2023. Siku hiyo moja zilitolewa filamu mbili zisizofanana kwa lolote: Barbie ya Greta Gerwig, kisa cha mwanasesere aliyeanza kufikiri juu ya mauti, chenye rangi ya waridi toka mwanzo hadi mwisho; na Oppenheimer ya Christopher Nolan, kisa cha mwanazuoni aliyeongoza kazi ya kuunda bomu la atomiki, lililojaribiwa kwa mara ya kwanza katika jangwa la New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Ilitazamiwa kwamba moja itaiua nyenzake. Badala yake watu waliamua kuziona zote mbili kwa siku moja, dakika 114 za moja na dakika 180 za nyingine, jumla yake ikiwa ni saa tano kasoro dakika sita, na wengine wakachukua nguo za kubadili katikati, waridi kwa ile na nyeusi kwa hii. Barbie ilipata zaidi ya dola bilioni 1.4 duniani kote. Oppenheimer ikatwaa tuzo saba za Oscar, pamoja na ile ya filamu bora. Nakala kubwa za Oppenheimer, zile za mkanda wa milimita 70 kwa majumba ya IMAX, zilikuwa na urefu wa kilomita zaidi ya 17 na uzani wa karibu kilo 270 kila moja, hata ikawa haiwezekani kuiinua nakala bila ya kuita jamaa.

Mabaraza ya Ijumaa ile yalikesha katika suala moja: ianze ipi? Wengi walisema ianze nzito, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa kuwa si jambo la hekima kumpeleka mtu kitandani akiwa na moto wa atomiki machoni mwake. Na ikaanze mchana, akili ikiwa bado na nguvu ya kutambua nani ni nani katika wanazuoni wale wote waliovaa kofia za aina moja, kisha jioni ije ile ya mwanasesere kuosha roho. Lakini nilimsikia mama mmoja akitoa hoja ya upande wa pili, kwamba aliyeanza na nzito hucheka kwa woga katika ya pili, ilhali aliyeanza na ya furaha huingia katika nzito akiwa na moyo wa kuihimili. Hoja yake ilikuwa na nguvu, na sikuweza kuivunja.

Mintarafu ya adabu, nitasema machache. Yule aliyekwisha iona filamu, akaketi nyuma ya wenzake na kunong'ona, dakika moja kabla ya jambo, kwamba jambo linakuja, anawadhulumu watu mali yao, na jamaa wa Maskati nao wamo katika hukumu hii. Faini yake, kwa maoni yangu, iwe ni kuwanunulia karanga safu nzima. Simu inayowaka gizani ni aibu. Ama kusema na pazia, yaani kumwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, kumlaani mama mkwe, kupiga makofi mwizi anaposhikwa, hilo mimi silikatazi wala sitalikataza, kwa kuwa mtu hamwonyi asiyempenda.

Bora wa kusema na pazia ni wafasiri wetu. Katika vibanda vya video, vile ambavyo Tanzania huitwa vibanda umiza, ambamo watu huketi bega kwa bega juu ya mabenchi, filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani huja ikiwa imekwisha tiwa sauti ya mtu mmoja anayeieleza yote kwa Kiswahili; Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya ikamjua DJ Afro, na wote wawili wamewapa watu starehe ambayo waigizaji wenyewe hawakuidhania. Mfasiri wa namna hii peke yake ni steringi, ni adui, ni bibi arusi, ni askari wa zamu na, ikilazimu, ni farasi. Humpa jasusi wa Hong Kong jina la mtaani kwetu, humtajia deni analodaiwa dukani, na inapofika mapigano huhesabu makonde kwa shangwe ya mtangazaji wa mpira. Wapo wasomi wanaosema kwamba huko ni kuiharibu filamu. Mimi naona ni kuikaribisha mjini, na mgeni aliyekaribishwa hivyo hakumbuki tena alikotoka. Filamu dhaifu huokolewa kabisa na ufasiri mzuri, na nimewaona watu wazima wakiacha nakala safi ya filamu ile ile, yenye picha ang'avu na sauti za pande zote, wakaifuata iliyochakaa kwa sababu hiyo moja tu.

Nilisema nitarejea kwenye zile siku tatu za mwanzo. Biashara ya majumba ya sinema, katika sehemu nyingi za dunia, huenda hivi: katika majuma ya kwanza sehemu kubwa ya kiingilio humwendea mwenye filamu, na mwenye jumba hutegemea bisi na soda; majuma yakisonga, fungu la mwenye jumba huongezeka. Filamu ikijaza viti mwisho wa wiki wa kwanza, mwenye jumba huistahi na kuiacha ikae. Isipojaza, hupunguziwa nyakati, husogezwa saa za mchana ambazo watu wako kazini, kisha huondoka. Filamu ya Marekani haidhuriki sana kwa hayo, maana ina dunia nzima ya kuitegemea. Filamu yetu, ya Kiswahili, iliyofanywa kwa mkopo na kwa imani ya watu wachache, haina kwingine. Sisi kwa desturi ya ukarimu wetu husema, hiyo ni ya nyumbani, tutaiona wiki ijayo. Na wiki ijayo haipo.

Hili ndilo ninalowaomba wanabaraza wote walipime kwa uzito wake. Hatuna haja ya kuzionea huruma filamu zetu. Tunayo haja ya kuziwahi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotolewa katika riwaya ya Adam Shafi, ambayo ndani yake Yasmin anakimbia ndoa aliyolazimishwa na kukutana na Denge na wapigania uhuru wa Unguja ya miaka ya 1950, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya nchi za nje, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Na anayeifahamu Unguja ataona jinsi kuta zile, baraza zile na kivuli cha vichochoro vile vilivyopigwa picha kwa jicho linalovipenda. Kenya iliwahi kutoa Nairobi Half Life mwaka 2012, ya David 'Tosh' Gitonga, kisa cha kijana wa shamba aliyefunga safari kuwa mwigizaji akajikuta mwizi wa vipuri vya magari, yenye kicheko na hofu katika sentensi moja. Wala sanaa hii si ngeni kwetu: mwaka 1952, katika filamu ya Muhogo Mchungu, aliyeigiza alikuwa kijana Rashid Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nchi iliyomtoa waziri mkuu katika sinema haina udhuru wa kuidharau sinema yake.

Kuna wanaonijibu kwamba zote hizo zitakuja nyumbani, kwamba zipo maktaba za filamu ndani ya televisheni ambamo mtu hupewa maelfu kwa bei ya tiketi mbili, na kwamba ipo hata chaneli ya Sinema Zetu inayoonyesha filamu za Kiswahili kutwa kucha. Sizikatai, na wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga wamefadhiliwa nazo sana. Lakini nimewaona watu wakikaa mbele ya orodha ile tangu baada ya isha, mmoja akisema hii, mwingine akisema ngoja tuone iliyo chini yake, hata chakula kikapoa na watoto wakalala, na filamu isianzishwe kamwe. Kisichokuwa na saa ya kuanza hakina haja ya kuharakiwa, na kisichoharakiwa hakiogewi wala hakivaliwi nguo. Anayetaka kutazama nyumbani na atangaze saa mapema, aalike majirani, azime taa, aweke na mapumziko ya katikati. Hapo naye amefungua jumba la sinema, na Mungu ambariki.

Kwa hiyo, katika baraza la mwisho wa wiki huu, kura yangu ni hii. Jumamosi iwe ya filamu yetu, yoyote ile ya Kiswahili iliyo katika juma lake la kwanza, na ikiwa hakuna mjini basi ichukuliwe ya zamani na kutazamwa kwa taadhima barazani, na anayeweza kufasiri lafudhi za ndani kwa wageni afasiri. Vijana wapewe Jumamosi usiku waifuate ile ya ngurumo waliyoihifadhi trela yake, kwa sharti kwamba wakirudi wafunge vinywa vyao mpaka wengine waione. Jumapili iwe ya Kihindi, ya saa tisa alasiri, saa ambayo Bibi hupenda kwa kuwa anamaliza kabla ya magharibi kumpita. Shangazi achukue leso mbili bila ya kuuliza. Mjomba akae karibu na njia, ili iwapo steringi atafikwa na lolote aweze kutoka nje kupunga upepo bila ya kukanyaga watu. Tiketi zinunuliwe leo, kwa sababu wanaochelewa huishia safu ya kwanza, shingo juu saa tatu nzima, na kesho yake hawawezi kugeuka wanapoitwa.